Anajua maneno mengi ya Kiingereza, lakini "anafungua" feni: nimfundisheje mwanafunzi wangu Mchina?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani kwenye kampuni ya ujenzi huku Dodoma, na jioni namfundisha Kiingereza msimamizi mmoja wa saiti ambaye ni Mchina. Ana bidii kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Kwao alifaulu mitihani ya Kiingereza, na maneno anayajua mengi, mengine hata mimi siyajui. Lakini akizungumza anasema "open the fan", "borrow me your pen", "I am finding my phone", "the price is very expensive". Namsahihisha, anaandika kwenye daftari pamoja na tafsiri ya Kichina, kesho anarudia yaleyale. Sasa amepakua programu ya kukariri maneno 30 kwa siku na anataka nimsimamie. Je, nimwache akariri? Na haya makosa nitayaondoaje wakati mimi Kichina sikijui?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nimefundisha Kiingereza kwa Wachina watu wazima, kule kwao na hapa kwetu, na hayo makosa manne uliyoyataja nayafahamu sana. Hayatokani na uzembe wala uzito wa kichwa. Kila moja lina sababu yake ndani ya Kichina, na ukishaijua sababu utaona kwamba huhitaji kujifunza Kichina chote ili umsaidie. Unahitaji maneno yake machache, na unahitaji kukitazama Kiswahili chako kwa makini kuliko ulivyozoea.

Anza na lile daftari. Nina hakika limejaa mistari ya namna moja: neno la Kiingereza, alama ya sawasawa, neno la Kichina. Alama hiyo ndiyo inayomponza. Inamwambia kwamba maneno mawili ya lugha mbili yanafunika eneo lilelile la maana, na hilo ni nadra sana kutokea isipokuwa kwa majina ya vitu kama saruji na nondo. Kila unapomsahihisha na yeye akaandika mstari mwingine wenye alama ileile, kosa linapata msumari mpya.

Chukua neno la Kichina "kai". Mlango unafunguliwa kwa "kai", na Mwingereza naye hapo husema "open". Duka jipya, akaunti ya benki: "kai", na "open" tena. Hadi hapo daftari linasema kweli. Lakini taa, feni na runinga navyo huwashwa kwa "kai". Gari huendeshwa kwa "kai". Mkutano hufanyika kwa "kai". Daktari anapomwandikia mgonjwa dawa, kitenzi ni "kai". Ua likichanua ni "kai", na maji yakichemka kwenye birika ni "kai" vilevile. Kwa Mchina hivi si vitu vinane tofauti. Ni kitendo kimoja anachokihisi kimoja, kama sisi tunavyohisi kitendo kimoja tunapofungua mlango, tunapofungua akaunti na tunapofungua redio. Akisema "open the fan" hajakosea kufikiri, amefuata daftari lake kwa uaminifu.

Ukimwambia tu "usiseme open, sema turn on", unamwondolea feni peke yake. Kesho atasema "open the television", keshokutwa "open the water heater", na nyote wawili mtachoka. Badala yake fanya naye kazi hii, ambayo haihitaji wewe ujue Kichina hata kidogo: mwambie aandike katikati ya ukurasa neno "kai" kwa mwandiko wa kwao, kisha ataje vitu vyote anavyoweza kuviambatanisha nalo, kwa Kichina, vinavyomjia kichwani. Atakupa ishirini bila shida. Kila kimoja akueleze au akuchoree, na wewe umpe kitenzi ambacho Mwingereza angekitumia. Taratibu ukurasa utagawanyika: hapa vya "open", hapa vya "turn on", hapa "drive", hapa "hold" kwa mkutano, hapa "prescribe" kwa dawa, hapa "boil". Akimaliza ataona kwa macho yake mwenyewe kwamba "open" na "kai" ni maeneo mawili yanayopishana kwenye kona tu. Nimeona watu waliosema "open the light" tangu shuleni wakiliacha kosa hilo baada ya ukurasa huo mmoja, kwa sababu kwa mara ya kwanza walionyeshwa mpaka ulipo. Fanyeni hivyohivyo na "guan", ambalo ni kufunga na kuzima kwa pamoja, halafu na "kan", ambalo kwa Kichina linatosha kutazama filamu, kusoma kitabu, kumtembelea rafiki na kwenda kwa daktari.

"I am finding my phone" ni kosa la namna nyingine, nami nalipenda kuliko yote kwa jinsi linavyoonyesha akili ya lugha. Vitenzi vingi vya Kichina hutaja jitihada tu. Matokeo ya jitihada hutajwa kwa silabi nyingine inayobandikwa nyuma. "Zhao" ni kutafuta, "zhaodao" ni kupata kile ulichokuwa unatafuta. "Kan" ni kutazama, "kanjian" ni kuona. "Ting" ni kusikiliza, "tingjian" ni kusikia. "Shui" ni kulala kitandani, "shuizhao" ni kushikwa na usingizi. Sasa yeye kwenye daftari ameandika kwamba "find" ni "zhao", akaishia hapo. Kwake "find" ni jitihada, kumbe kwa Mwingereza ni matokeo, na ndiyo maana haiwezi kuendelea kwa saa nzima. Kiswahili hapa kinakusaidia moja kwa moja, kwa sababu tunatenganisha kutafuta na kupata, kutazama na kuona, kusikiliza na kusikia. Mfundishe kwa jozi, kamwe si neno mojamoja: "look for" pamoja na "find", "look at" pamoja na "see", "listen to" pamoja na "hear", "go to bed" pamoja na "fall asleep". Mwulize, kati ya haya mawili, lipi ni "zhao" na lipi ni "zhaodao"? Utashangaa jinsi uso wake utakavyobadilika, maana mpangilio huo anao kichwani tangu utotoni na hakuna aliyemwonyesha kwamba Kiingereza nacho kinao.

Sasa "borrow me your pen". Hapa nataka uwe mwangalifu kwa ajili yako mwenyewe. Kichina kina neno moja, "jie", kwa anayetoa na anayepokea. Kiswahili nacho kina "azima": naazima jembe kwa jirani, na jirani ananiazima jembe. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa kwetu nao husema "borrow me". Wala Kiingereza hakina haki ya kujisifu, kwa kuwa "rent" yao inafanya kazi pande zote mbili, kupanga na kupangisha, jambo ambalo Kiswahili hakilikubali. Dawa ya "jie" iko kwenye neno linalofuata. Mchina hutofautisha pande mbili kwa kuongeza "gei", yaani kumpa mtu. Basi asikariri "borrow" peke yake bali "borrow something from someone", wala "lend" peke yake bali "lend something to someone". Penye "jie" ikifuatwa na "gei" kwenye sentensi yake ya Kichina, Kiingereza kitataka "lend".

Hilo linanileta kwenye kosa la nne, na kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko mengine yote katika barua yako. "The price is very expensive" haina neno lolote ambalo mwanafunzi wako halijui. Anajua "price", anajua "expensive". Asichojua ni kwamba kwa Kiingereza kitu ndicho "expensive", lakini bei ni "high". Mvua kwa Kichina ni "kubwa", "da yu", kama kwetu, lakini kwa Kiingereza ni "heavy". Upepo kwa Kichina pia ni mkubwa, kwetu ni mkali, kwa Kiingereza ni "strong". Dawa Wachina huila, sisi huinywa, Waingereza hui-"take". Mwanafunzi wa Kichina husema "learn knowledge" kwa sababu kwao elimu hujifunzwa, na Mwingereza anaona ajabu kwa sababu kwao "knowledge" hupatikana: "gain" au "acquire". Husema "Are you convenient tomorrow?" kwa kuwa neno lao "fangbian" humhusu mtu na wakati pia, lakini kwa Kiingereza siku ndiyo huwa "convenient", mtu hawezi kuwa hivyo. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliliandika jambo hili mwaka 1957: neno utalijua kwa wale linaoandamana nao. Maana ya "heavy" haimo ndani ya "heavy" tu. Nusu yake iko kwenye mvua, msongamano wa magari na mvutaji sigara.

Utamfundishaje maandamano ya maneno mtu aliyezoea kukariri moja moja? Kwa zoezi alilolifanya utotoni kwao. Mtoto wa Kichina shuleni haachwi akariri herufi yao ikiwa pekee. Orodha ya serikali ya mwaka 1988 ya herufi za kawaida ina herufi 3,500, na mwalimu akishafundisha herufi moja huwapa watoto kazi iitwayo "zuci", yaani unda maneno. Herufi ni "shui", maji (si ile "shui" ya kulala, hiyo ni herufi nyingine): mtoto mmoja atasema "kaishui", maji yaliyochemka, mwingine "shuiguo", tunda, mwingine "koushui", mate. Baada ya hapo huja "zaoju", tunga sentensi. Hakuna Mchina aliyepita shule asiyeyajua maneno hayo mawili. Kwa hiyo usimweleze nadharia ndefu kuhusu matumizi. Mwambie tu: leo tunafanya "zuci" ya neno "heavy". Naye atafute "heavy rain", "heavy traffic", "heavy smoker", "heavy load". Kesho "zuci" ya "strong": "strong wind", "strong tea", "strong accent". Kisha "zaoju" kwa mambo ya saiti yenu, zege, mafundi, lori, mvua iliyosimamisha kazi. Alichofanyiwa miaka yote ya kusoma Kiingereza ni kuondolewa njia bora ya shule zao wenyewe na kupewa orodha kavu badala yake. Mrudishie njia yake.

Daftari jipya basi liwe na ukurasa kwa kila neno muhimu. Juu neno, chini wenzake, chini zaidi sentensi mbili zake mwenyewe. Kichina akitaka aandike, aandike tafsiri ya kirai kizima, si ya neno. Mimi sikubaliani na walimu wanaomkataza mwanafunzi mtu mzima lugha yake. Kichina kitaendelea kufanya kazi kichwani mwake upende usipende; ni bora kifanye kazi mezani ambapo mnakiona wote wawili.

Kuhusu kamusi. Naamini anatumia ile ya simu inayompa neno moja la Kichina kwa kila neno la Kiingereza. Aiache kwa dharura za saiti tu, na kwa masomo atumie kamusi iliyotengenezwa kwa wanaojifunza. Kamusi hizo zina historia inayomhusu. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, aliona kwamba wanafunzi wake wanajua maana lakini hawajui neno linavyojengwa kwenye sentensi, akatengeneza na wenzake wawili kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942. Oxford waliichapisha upya mwaka 1948, na ndiyo iliyozaa ile kamusi ya wanafunzi ya Oxford ambayo leo inapatikana China ikiwa na maelezo ya Kiingereza na Kichina kwa pamoja. Longman nao mwaka 1978 walitoa kamusi inayoeleza kila neno kwa kutumia msamiati wa maneno kama 2,000 tu, ili msomaji asizame kwenye maelezo. Na mwaka 1987 kundi la John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham lilitoa kamusi ya COBUILD, ambayo badala ya kutoa neno kwa neno hueleza kwa sentensi kamili, hivyo maelezo yenyewe yanaonyesha neno likiwa kazini. Kwa mwanafunzi wako ningechagua hiyo ya mwisho. Lakini yoyote kati ya hizo tatu itamwonyesha "from" baada ya "borrow", jambo ambalo ile ya simu haitamwonyesha.

Umeuliza kama umwache akariri maneno 30 kwa siku. Nakuomba usimkatishe tamaa, maana utamaduni anaotoka unaheshimu kukariri, na kumbukumbu yake ni hazina ya kweli. China ilianzisha mtihani wake wa kitaifa wa Kiingereza vyuoni mwaka 1987, na mtihani huo ukazaa vitabu vya orodha za maneno kwa mpangilio wa alfabeti. Neno maarufu kuliko yote kwenye vitabu hivyo ni "abandon", kwa sababu liko ukurasa wa kwanza. Kila mwanafunzi wa Kichina atakuambia hivyo, na wengi hawakufika mbali baada yake. Mpangilio wa alfabeti unampa mtu "abandon" na "abdomen" siku moja, maneno yasiyo na uhusiano wowote isipokuwa kuanza kwa herufi moja, na huo ndio uhusiano unaoyafanya yachanganyike kichwani.

Mtafiti wa New Zealand, Paul Nation, alionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila kusaidiwa kunahitaji jamii za maneno kati ya 8,000 na 9,000, akihesabu neno pamoja na maumbo yake kama jamii moja. Ni mengi, na hapo kukariri kuna nafasi yake. Lakini maneno 2,000 ya mwanzo, yale ambayo Michael West aliyaorodhesha mwaka 1953, ndiyo yanayobeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Sasa tazama makosa ya mwanafunzi wako yako wapi: "open", "borrow", "find", "price". Yote yamo kwenye 2,000. Anakosea maneno anayodhani ameshayamaliza, na programu yake itampeleka mbali nayo kila siku, kwenye maneno ambayo huenda asiyasikie saitini mwaka mzima. Mkubaliane hivi: maneno mapya yawe manane kwa siku, yatoke kwenye barua na ripoti anazopokea kazini, na muda unaobaki uende kwenye "zuci" ya maneno ya zamani. Programu aitumie kwa jambo moja inalolifanya vizuri, kumkumbusha alichojifunza baada ya siku moja, siku tatu, wiki. Na kadi anazoziweka humo ziwe na virai, siyo maneno matupu.

Kuna sehemu ambazo mtafurahi. Kichina na Kiswahili mara nyingine hukata maana kwa wembe mwembamba kuliko Kiingereza. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Wao wana "daozi", "dami" na "mifan". Mwingereza ana "rice" kwa vyote vitatu. Baba mkubwa kwao ni "bobo", baba mdogo ni "shushu", mjomba ni "jiujiu", na Kiingereza kinawaita wote "uncle". Mwanafunzi wako atahangaika kutafuta neno la Kiingereza la "bobo" na kudhani hajalipata bado. Mwambie halipo, akitaka aseme "my father's elder brother" au aridhike na "uncle". Mchoro wa ukoo ni somo zuri la jioni moja kwenu, kwa sababu ninyi wawili mtaelewana haraka kuliko ambavyo mmoja wenu angeelewana na Mwingereza.

Lakini hapohapo ndipo penye hatari yenu, na naomba usome aya hii mara mbili. Mahali ambapo Kichina na Kiswahili vinakubaliana dhidi ya Kiingereza, kosa lake litasikika sahihi masikioni mwako. "Jie" na "azima" ni mfano mmoja. Mwingine ni "ta": kwa mdomo, Kichina hakitofautishi mwanamume na mwanamke, sawa na "yeye" yetu. Kwa maandishi wanatofautisha, kwa herufi ambayo mshairi Liu Bannong aliipigania karibu na mwaka 1920, ndiyo maana mwanafunzi wako ataandika "she" vizuri kwenye barua na dakika hiyohiyo atamwita bosi wa kike "he". Zoezi lake ni la mdomo tu: asimulie siku nzima ya mama yake kwa sauti, na wewe usikilize neno hilo moja bila kugusa kitu kingine. Wachina huunganisha "because" na "so" ndani ya sentensi moja, na "although" na "but", kwa kuwa kwao viungo hivyo huenda viwili viwili. Sisi nasi husema "ingawa amechelewa lakini amefika". Kiingereza hutaka kimoja. Wachina watu wazima wanaweza kumwambia mtu kwa upole kwamba amenenepa, kama tunavyosema huku kwa nia njema, na neno "lao", mzee, wanaliweka mbele ya jina la mtu kwa heshima. Mkiona wote wawili kwamba "you are fatter now" au "my old friend Mr. Wang, he is so old" ni maneno mazuri, hakuna wa kuwashtua mpaka mgeni kutoka London awasikie.

Rangi ya neno, yaani heshima au dharau iliyomo, haipatikani kwenye tafsiri. "Xuanchuan" kwa Kichina ni kutangaza au kuhamasisha, neno lisilo na ubaya wowote. Kamusi nyingi zililitafsiri "propaganda", ambalo kwa Kiingereza limebeba uongo ndani yake. Hata Chama cha Kikomunisti cha China kilikuja kubadilisha jina la Kiingereza la idara yake inayohusika na kazi hiyo, kikaacha "propaganda" na kuchukua "publicity", huku jina la Kichina likibaki lilelile. Mwanafunzi wako akitaka kusema kampuni itatangaza mradi kwa wananchi, mpe "publicize". Na kuna "xinku le", wanayomwambia mtu aliyefanya kazi ngumu. Atakuja kukwambia "you are very hard". Wewe utalitambua mara moja, ni "pole na kazi". Kiingereza hakina neno la hivyo, mfundishe "thanks for all your hard work" na umwachie "pole na kazi" kwa mafundi.

Usisahihishe kila kitu. "A" na "the" zitamchukua miaka, kwani Kichina hakina, na hakuna jengo litakaloanguka kwa sababu yake. S ya wingi na ya nafsi ya tatu nayo isubiri. Akizungumza, chagua jambo moja la wiki na usikilize hilo tu. Mengine yaandike pembeni umwonyeshe baadaye.

Yapo mawili lakini ambayo kwa kazi yenu hayasubiri. La kwanza ni jibu la swali lenye kukanusha. Ukimwuliza "Hasn't the cement arrived?" na saruji haijafika, atajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, haijafika. Nawe ungejibu "ndiyo" kwa Kiswahili, hivyo mnaelewana. Mwingereza aliye upande wa pili wa simu ataelewa kwamba saruji imefika. Mzoeshe kutotoa jibu la neno moja: "No, it hasn't" au "Yes, it has", kila mara, na wewe mwenyewe ufanye hivyo.

La pili ni tarakimu. Kichina huhesabu kwa "wan", yaani elfu kumi. Laki ni wan kumi, milioni ni wan mia, na milioni mia ina jina lake, "yi". Shilingi 350,000 kichwani mwake ni wan 35, na akiharakisha atasema "thirty-five thousand", sifuri moja imekwenda. Kwenye ankara hiyo si makosa ya lugha tena. Aandike tarakimu kwanza, aweke mkato kila baada ya tarakimu tatu kutoka kulia, ndipo asome. Chukua ankara halisi za nondo na kokoto, ufunike maneno uache namba, na azisome kwa sauti kumi mwanzoni mwa kila kipindi, kabla hamjafungua daftari.